Amana ya Chupa

Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa anayefika Berlin huambiwa mapema kwamba Wajerumani wanajali mazingira, na haichukui muda kabla hajaanza kuamini kuwa tatizo la taka nyumbani kwao ni watu kukosa ustaarabu. Sikubaliani na imani hiyo. Chukua chupa ya maji ya plastiki: anayeinunua hulipa senti 25 juu ya bei, amana waiitayo Pfand, na hurudishiwa akiirejesha. Utaratibu huo kwa vyombo vya kutumika mara moja ulianza mwaka 2003. Supamaketi ina mashine inayomeza chupa moja moja na kusoma alama iliyo ubavuni. Kopo lililopondwa hulitema. Ukimaliza inakupa karatasi ya kupeleka kaunta. Chupa nne ni yuro nzima, na mwanafunzi haichezei yuro. Asiyetaka foleni huziacha kando ya pipa, ili anayeziokota kujipatia riziki asichakure taka. Lakini chupa ya mvinyo haina amana, na hakuna anayejisumbua kuirudisha dukani. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni pesa iliyofungwa kwenye chupa.

Nasi tunaujua utaratibu huu tangu zamani. Ukiagiza soda ya kioo dukani, mwenye duka anauliza, "Una chupa?" Kama huna, unainywea pale pale au unaacha hela. Kreti hurudi kiwandani, chupa zikaoshwa na kujazwa tena. Ndiyo maana mitaro yetu huzibwa na chupa za plastiki, si za soda ya kioo. Plastiki ilipokuja, ilikuja bila amana. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, lakini chupa ya maji ikabaki bila mwenyewe.

Wapo watakaosema Ujerumani ni tajiri na mashine zile ni ghali. Ni kweli, ila kreti ya soda haijawahi kuhitaji mashine. Ilihitaji mwenye duka na kampuni inayokubali kupokea chupa zake. Wengine watasema tayari tuna waokota chupa. Tunao, na kazi yao ni kubwa, lakini hulipwa kwa kilo, na plastiki ni nyepesi mno. Anayebeba kiroba kizima mgongoni hupata hela kidogo. Amana ingempa thamani ya kila chupa. Hoja ninayoipa uzito zaidi ni ya kijana anayeuza maji kwenye foleni za magari, kwa sababu amana ingemeza mtaji wake. Hapo sheria iseme wazi: amana ya mzigo wa kwanza iwe juu ya kiwanda, na mwenye duka alipwe kwa kila chupa anayoipokea. Ujerumani yenyewe, kwa kila kichwa, hutoa hewa ukaa zaidi ya mara kumi ya Tanzania, kwa hiyo si kila desturi ya Berlin inafaa kuigwa. Hii ya amana inafaa, na wanaosomea sheria na uchumi huko wanaweza kuanza kuandika sheria yake sasa.