Singida, Contra na Roho za Kuazima

Najua utaniuliza: mhariri mzima, mke wa mtu, miaka thelathini na saba, na gemu wapi na wapi? Subiri kwanza. Kwenye kikao chetu cha wahariri kila mtu alitaja anakokwenda likizo. Zanzibar, Lushoto, mmoja eti Dubai. Mimi nikasema Singida. Wakacheka. Nikaongeza kwamba nakwenda kucheza Contra, wakaacha kucheka, wakaanza kunionea huruma.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kuonana na kaka yangu, ambaye tulikuwa hatujaongea mwaka mmoja na miezi minne. Gemu lilikuwa kisingizio, na aliyekibuni ni mume wangu, mtu ambaye kuliko wote ndiye aliyekuwa na haki ya kumkasirikia kaka.

Nianze na hela, maana mambo ya familia yakichimbwa sana huwa yanaishia hapo. Kaka anachimba dhahabu kule Sekenke, wilaya ya Iramba, milima ambayo Wajerumani walianza kuichimba mwaka 1909 na mpaka leo watu hawajaichoka. Alinipigia usiku, duara lake linahitaji mbao na pampu, anaomba milioni tatu, atarudisha baada ya miezi mitatu. Nikamtumia. Tatizo ni kwamba hela ile ilikuwa ya kiwanja chetu, mimi na mume wangu, na sikumwambia. Aliijua kwa meseji ya benki, akiwa kwenye foleni ya gari pale Mwenge. Siku tatu nyumbani kwetu zikawa za "chakula kiko mezani" na "asante". Kiwanja akauziwa mwingine. Kaka naye miezi mitatu ikapita, simu akawa hapokei, na mimi kwa hasira nikaacha kupiga.

Sasa usiku mmoja natoka chumbani kunywa maji, namkuta mume wangu sebuleni gizani, simu mkononi, anacheza Super Mario. Gemu la Nintendo la mwaka 1985, limetuzidi umri sote wawili. (Mario wa kwenye gemu, fundi bomba mwenye masharubu, siyo marioo wa mjini anayelelewa. Ingawa nikimwangalia yule jamaa anavyohangaika, kasri saba anafika na kuambiwa binti mfalme yuko kasri jingine, nadhani marioo wa mjini wana akili zaidi.) Nikakaa. Akanipa simu nijaribu. Nikafa kwenye shimo la kwanza.

"Hivi lile boksi la gemu lenu la Singida bado lipo?" akaniuliza.

Nikamwambia lipo kwa kaka. Akasema, "Basi twende tukalicheze." Sikulala vizuri.

Kwa msomaji uliyezaliwa na simu ya kugusa mkononi, ngoja nikueleze boksi ni nini. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ITV na wenzake walipoanza. Kwetu Utemini, pale Singida mjini, TV ilipoingia ndani ilikuwa kwanza ya mikanda ya video na gemu, taarifa ya habari baadaye. Gemu lenyewe lilikuwa kopi ya Kichina ya Famicom, mashine ya Nintendo ya mwaka 1983. Pedi mbili, bastola ya plastiki, na kaseti ya njano iliyojitapa kwamba ndani kuna gemu maelfu. Ukihesabu vizuri hazifiki ishirini, zilizobaki ni zilezile zimebadilishwa majina. Baba alilinunua mwaka 1999 na hakuwahi kulishika. Lilikuwa letu, mimi na kaka, na watoto wa mtaa mzima waliojipanga dirishani.

Tulipanda treni ya SGR mpaka Dodoma, safari ambayo tangu 2024 imeondoa kabisa sababu ya mtu wa Dar kusema bara ni mbali. Dodoma tukachukua basi. Kilomita kama mia mbili arobaini: Bahi, Kintinku, halafu gari linaanza kuugugumia mlima Saranda, unaliacha bonde la ufa nyuma yako, unatokea Manyoni na upepo unabadilika. Mume wangu alilala kuanzia Manyoni. Mimi nilikodoa macho. Kuanzia Ikungi mawe yanaanza, yale makubwa ya matale yaliyopandana kama mtu aliyapanga akaitwa kabla hajamaliza. Alizeti zilikuwa zimekauka mashambani, vichwa chini, zinangoja kuvunwa. Pembeni ya barabara madumu ya mafuta, asali kwenye chupa za maji, magunia ya vitunguu, na kuku wenye miguu mirefu ambao Dar wanauzwa kwa jina la mkoa.

Kama wewe na mwenzi wako mnataka mahali pa kutembea jioni bila kelele za mziki, nawashauri Ziwa Singidani. Maji yake ni ya chumvi, na mkiwa na bahati mtakuta flamingo wamesimama kwa mguu mmoja. Bebeni sweta. Upepo wa Singida hauna adabu, na mwezi wa saba unapita hadi kwenye mifupa. Kindai nako ni kuzuri, lakini moyo wangu ni wa Singidani.

Wifi alitupokea kwa kuku, ugali wa uwele na mlenda, na macho yaliyokuwa yanaomba radhi kabla ya mdomo. "Kaka yenu anafika Jumamosi," akasema. Ilikuwa Alhamisi. Kwa hiyo siku mbili tulikuwa na boksi peke yetu.

Lilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa mchele. Wifi akatuonyesha TV ya chogo ambayo hakuitupa hata baada ya kununua bapa. Bora hivyo, kwa sababu bastola ile ya kulengea bata haifanyi kazi kwenye TV bapa hata ufanyeje, imetengenezwa kwa mwanga wa chogo. Kaseti tukaipuliza, desturi ambayo naambiwa haisaidii kitu. Tukapuliza hivyohivyo. Ikawaka.

Mambo niliyoyagundua nikiwa mtu mzima? La kwanza, vidole havisahau. Kichwa kilikuwa kimesahau kila kitu, lakini kidole gumba kiliruka kabla sijaona adui. La pili, gemu hizi ni ngumu kwa ukatili. Hakuna kuhifadhi, ukifa umekufa, unarudi mwanzo. Contra, la Konami, lilitoka kwenye Famicom mwaka 1988 na linakupa roho tatu tu kwa hatua nane za msitu, ngome na maporomoko. Risasi moja, roho moja. Watengenezaji wenyewe walijua ugumu wa gemu zao: Kazuhisa Hashimoto wa Konami aliweka ule mfuatano maarufu wa vitufe kwenye Gradius, 1986, kwa sababu alipokuwa analijaribu lilimshinda. Kwenye Contra mfuatano huohuo unakupa roho thelathini. Sisi Utemini hatukuujua. La tatu, lile gemu lililokuwa dunia nzima ya utoto wangu, mtu hodari analimaliza kwa nusu saa. Hili la tatu lilinikata maini kidogo.

Na kuna kitu nilikuwa nimekisahau mpaka pedi ilipokuwa mkononi. Kwenye Contra mkicheza wawili, mwenzako akiishiwa roho anaweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja akachukua yako. Haombi. Unaona tu hesabu yako imepungua na yeye amerudi uwanjani, anakimbia. Kaka alikuwa akifanya hivyo kila siku ya Mungu. Nilikuwa nikilia, mama anasema mpe, ni kaka yako.

Jumamosi akaja. Amekonda. Vumbi la karasha halikutoka kwenye kucha hata baada ya kuoga. Akamsalimia mume wangu, "Shemeji, karibuni," mimi akaniambia, "Mdogo wangu, umefika," tukaangalia sakafu.

Aliyevunja ukimya ni mume wangu. Akafungua kompyuta yake ndogo akamwonyesha kaka Diablo, gemu la Blizzard la mwisho wa 1996, lile la kushuka chini ya kanisa, hatua kumi na sita, kila hatua giza na kiumbe kibaya zaidi, na njia zinapangwa upya kila ukianza gemu jipya. Kaka akaangalia kwa makini sana. Halafu akauliza, "Huyu anashuka bila kamba?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Na mbao za kushikilia ukuta ziko wapi? Hewa anapata wapi huko chini?" Mume wangu akaweka kompyuta pembeni akamuuliza kwake inakuwaje. Ndipo akaanza kusimulia, akiongea na shemeji yake, siyo na mimi. Jinsi unavyoshushwa, tochi kichwani, jinsi unavyosikiliza mwamba kabla ya kuupiga. Mbao alinunua, kweli. Pampu alinunua, ya mtumba. Mvua za mwezi wa pili zikajaza duara, pampu ikafa siku ya pili, ukuta ukashuka usiku, bahati nzuri hakukuwa na mtu chini. "Ningempigia nimwambie nini? Hela yako iko chini ya maji?"

Mimi mwaka mzima nilikuwa nimeamini ameila. Nilishamwambia hivyo shangazi, na shangazi si mtu wa kunyamaza. Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba kulikuwa na usiku ambao ukuta ulishuka.

Akatoa bahasha. Laki mbili. Nyingine, akasema, itakuja. Simjui mtu yeyote Sekenke ambaye hasemi hivyo. Nikaitazama bahasha, nikamsukumia mume wangu, kwa sababu ilikuwa yake pia. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante shemeji, akaiweka mfukoni. Usiku kule chumbani aliniambia jambo ambalo alikuwa hajalisema siku zile za "chakula kiko mezani": hakukasirikia hela, alikasirika kwamba niliona ni rahisi zaidi kumficha kuliko kumuuliza. Nikamwambia ningemuuliza angekataa. "Ningekataa," akasema. "Halafu asubuhi ningekubali."

Jumapili, kabla ya kwenda stendi, kaka akachukua pedi ya kwanza, kama zamani, na mimi ya pili. Watoto wake wamejazana nyuma, "Shangazi ruka! Shangazi!" Tukavuka msitu, tukavuka ngome. Hatua ya tatu ni maporomoko, na pale skrini inapanda na aliye mbele. Ukimkimbia mwenzako, anayebaki chini anakufa. Kaka alibaki chini mara mbili, mara ya tatu risasi. Roho zake zikaisha. Mimi nilikuwa nazo mbili.

Nikasubiri hesabu yangu ishuke. Haikushuka. Nikageuka. Kaka alikuwa ameweka kidole gumba juu ya vitufe, hajabonyeza, ananiangalia.

"Naomba?" akasema.

"Chukua."

Akabonyeza. Tukapanda jiwe moja, mawili, tukafa wote kwa mkupuo, na mume wangu akanyoosha mkono akitaka pedi, basi lilikuwa linaondoka baada ya saa moja na yeye alikuwa hajacheza hata raundi moja.