Nilikuwa Nikilisha Mashimo

Kwa miaka mitatu mimi ndiye niliyekusanya pesa za mawe. Masika yakikaribia, nilipita mlango kwa mlango na daftari mkononi: kwa mwenye bohari la vitambaa, kwa mama wa hoteli, kwa vijana wanaouza maji kwa mkokoteni. "Jameni, lori la kokoto linakuja Jumamosi." Walitoa. Nikanunua kokoto, nikazimwaga kwenye mashimo, nikazisawazisha kwa sepetu, na jioni nikatembea kifua mbele. Leo nashuhudia kwamba pesa zile nilizizika matopeni kwa mikono yangu mwenyewe.

Njia yenyewe si ndefu. Ni kama mita 120, upana mita 4, kutoka barabara ya lami hadi yadi tunakolaza magari, hapa Eastleigh Section Three. Ni njia ya ploti, kwa hiyo hakuna serikali ya kuitengeneza wala ya kulaumiwa. Anayeikumbuka Eastleigh ya kabla First Avenue haijajengwa upya anajua ninachosema nikitaja matope: watu kuvuka na gambuti, mkokoteni kuzama hadi ekseli, na hatua mbili kutoka hapo biashara za mamilioni zikiendelea ndani ya maduka. Chini yetu ni ule udongo mweusi wa Nairobi. Ukilowa unavimba na kuteleza kama sabuni. Ukikauka unapasuka nyufa za kutosha kuingiza vidole. Ukiutupia jiwe ukiwa umelowa, unalimeza.

Kazi yangu ni kuendesha trekta, Massey Ferguson la zamani linalovuta trela la mchanga na taka. Mwaka wa tatu nikajiona mwerevu zaidi. Kwa nini nisawazishe kwa sepetu na trekta ninalo? Nikashuka Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaofua karai, masanduku na toroli, nikaundiwa bledi ya kufunga nyuma: bamba la chuma lililopinda kidogo, upana wa trekta, lenye fremu ya kushikwa na ile mikono mitatu ya nyuma ya trekta. Nilisisitiza iwe nyepesi ili nisiumie mgongo wakati wa kuifunga. Watu wawili tuliibeba bila kutoa jasho.

Ilirukaruka. Penye ugumu ilipaa juu ikikwaruza tu, penye ulaini ikachimba. Kokoto zilizolegea ikazisukuma kando, zikajipanga kuwa tuta huku na huku. Lakini kwa macho njia ililainika, majirani wakanisifu, nami nikapokea sifa.

Ndipo ikaja mvua ya Aprili 2024. Jiji lilifurika, kandokando ya Mto Mathare watu walipoteza nyumba, na wengine uhai. Mbele ya msiba ule, njia ya yadi ni jambo la kuonea haya hata kulitaja. Lakini ndiyo niliyopewa kutunza, na iligeuka mfereji. Maji yaliingia kutoka juu yakakosa pa kutokea. Kwa siku tatu hakuna gari lililoingia wala kutoka, na mashimo yote niliyoyajaza yakarudi palepale yalipokuwa, kana kwamba yana hatimiliki.

Siku ya nne nilimkuta mzee mmoja amesimama langoni, mikono nyuma. Ni jirani yetu. Nilijua tu kwamba amestaafu, sikujua alistaafu kazi gani. Kumbe aliendesha greda sehemu kubwa ya maisha yake.

"Kijana wangu, umetengeneza karai."

"Karai vipi, mzee?"

"Mawe umeyapanga kando, katikati umeacha bonde. Sasa maji yapitie wapi, yapande ukuta?"

Akaisukuma bledi yangu kwa mguu. Ikasogea.

"Na hii ni sahani. Trekta lako linajua kuinua. Kukandamiza halijui. Kinachokata barabara ni uzito wa chuma chenyewe."

Nilikaa kimya. Trekta lile nilikuwa nimeliendesha miaka kumi na moja. Kila siku navuta wenzo, mikono inapanda. Nauachilia, inashuka kwa uzito wa ilichobeba. Haidroliki yake haina nguvu ya kusukuma chini. Jambo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote hiyo na sikuwahi kuliona.

Hakumaliza. Aliinama kwenye shimo, akatoa kokoto nilizolipia mwezi uliotangulia, akanionyesha sakafu yake: ngumu, laini, imezama kama bakuli. "Ukijaza shimo bila kulikata, umelihifadhi. Bakuli lingali chini. Maji yanalijua, tairi inalijua. Mawe yako ni wageni tu, watafukuzwa."

Sote tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini fundi wa nyumba habandiki simiti juu ya ufa hivihivi. Huupanua kwanza kwa patasi hadi afike penye uzima, ndipo auzibe. Hilo nililijua kwa kuta. Sikuwahi kuliwazia ardhi.

Lililoniuma zaidi halikuwa bledi, lilikuwa daftari. Niliitisha kikao cha wapangaji, nikasema wazi: pesa za miaka mitatu zimepotea, hazikuibwa, nilizitumia vibaya kwa kutojua. Mama wa hoteli akaniuliza, "Na sasa umejua, ama unajua tena kama mwaka jana?" Sikuwa na jibu la maneno. Nikamwomba mzee asimame karibu nami.

Bledi ya pili ilifika kilo 300. Tulinunua kwa wauza vyuma chakavu kipande cha makali ya greda kuukuu, fundi akakichomelea chini ya bamba nene. Gharama ilikaribia malori manne ya kokoto, na wengine walinung'unika. Kuifunga kulihitaji watu wanne na mtaimbo. Nilipoishusha mara ya kwanza trekta liligugumia, na nyuma yangu nikasikia mlio ambao sahani ile haikuwahi kutoa: ardhi ikikatwa.

Mzee alinifundisha kusubiri. Udongo ukiwa mkavu kabisa unapata vumbi tupu. Ukiwa umelowa chepechepe unapata uji. Siku moja au mbili baada ya mvua, unyevu umebaki kiasi, ndipo unaingia kazini. Kwanza unakata hadi sakafu ya shimo lenye kina kuliko yote, hata kama roho inauma kuharibu sehemu nzuri. Kisha unaigeuza bledi upande, uivute changarawe kutoka kingo kuileta katikati, ukienda mwendo wa mtu anayetembea. Ukikimbia, unaacha mawimbi yanayotetemesha gari. Mkono wa kulia wa kuinulia una kishikio cha kuzungusha. Unaushusha kidogo ili bledi ilale mshazari, na njia inapata mgongo. Kwa upana wetu wa mita 4, katikati pako juu ya kingo kwa sentimita 8 hadi 10. Macho hayaoni, maji yanaona. Mwisho tulichimba mtaro kando kwa majembe, na juu tukaongeza moramu yenye udongo wa kushikamanisha, kwa maana kokoto safi peke yake hubingirika kama gololi.

Sijafika mbinguni. Pale bomba la maji linapokatiza bado panatitia, na kila baada ya mvua kubwa narudi na trekta kwa saa moja au mbili. Zamani nilidhani barabara hutengenezwa ikaisha. Sasa naijua kama nywele: unachana leo, kesho unachana tena.

Masika yaliyopita sikupita na daftari la mawe. Mvua ilipoanza, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka na mwavuli nikasimama langoni. Maji yalianguka katikati ya njia, yakasita kidogo, yakagawanyika. Mengine yakashuka kushoto, mengine kulia, yakaingia mtaroni. Mama wa hoteli alikuwa mlangoni pake na sufuria ya chai. Aliyatazama maji, akanitazama mimi, akasema, "Leo nitakusanya pesa mimi. Za dizeli."