Kupimwa Si Aibu

Mimi ni mkulima wa mpunga wa hapa Kisawasawa, katika bonde la Kilombero, wala si mtu aliyezoea kuandika magazetini. Lakini liko jambo lililotokea nyumbani mwangu, nami naona si vema nikae nalo peke yangu, kwa kuwa huenda wako wazazi wengine wanaosumbuliwa na jambo lilo hilo.

Mwezi wa Desemba mwaka 2024 kijana wangu alirudi kutoka shuleni kwa likizo. Alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya sekondari ya huku kwetu, na hapo alikuwa wa kwanza miaka yote minne. Kisha akachaguliwa kwenda kidato cha tano katika shule kubwa ya mkoa mwingine, inayochukua vijana hodari kutoka pande zote za nchi. Basi, nikaenda barabarani kumpokea. Utingo wa basi akashusha sanduku lake, kisha ndoo, kisha akapanda tena na kushusha godoro. Hapo moyo wangu ukashtuka. Mwanafunzi anayekuja likizo ya mwezi mmoja habebi godoro.

Siku ile sikumwuliza neno. Mama yake akampikia wali na perege, tukala, tukalala. Kesho yake tulipokuwa tukilima shamba la mpunga akaanza mwenyewe. Akasema, "Baba, mimi sirudi tena. Darasani tuko 70, nami nimekuwa wa 64. Hesabu nimepata 19 katika 100. Hapa nyumbani nilidhani nina akili, kumbe sina."

Sikumjibu upesi, kwa kuwa maneno hayo nalikuwa nayajua. Mwaka 1989 mimi mwenyewe nalishuka katika barabara ile ile na godoro langu kichwani, baada ya muhula mmoja tu katika shule ya mbali. Marehemu baba yangu hakunigombeza. Alisema tu, "Jembe lako lile pale." Mambo yakaisha hivyo, na mpaka leo sijapata kujua kama kweli nalikuwa mjinga au nalikuwa mwoga tu.

Basi nikaegemea jembe, nikaanza kumsimulia habari ya mchezo wa kriketi. Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Naomba niwaeleze na ninyi, kwa maana huku kwetu mchezo huu haujulikani. Baada ya kuacha shule nalikwenda Dar es Salaam, nikapata kazi ya kubeba magunia katika duka la Mhindi mmoja huko Upanga. Tajiri wangu alikuwa amecheza kriketi katika ujana wake, na siku za Jumapili wanawe walicheza kiwanjani, nami nikitumwa kuokota mipira. Ni mchezo wa watu 11 kwa 11. Mmoja hutupa mpira mgumu, akitaka kuangusha vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini. Mwingine husimama mbele ya vijiti na ubao wake, akaupiga mpira na kukimbia na mwenzake huku na huku kwa kubadilishana nafasi. Hesabu ya ushindi ni hiyo mikimbio. Watu 10 wakitolewa, zamu yao imekwisha, na wenzao hushika ubao.

Tajiri yule alikuwa na daftari kubwa, na kila mpira uliotupwa aliuandika humo: nani ametupa, nani amepiga, nani ametolewa na kwa kosa gani. Wanawe waliposhindwa walitaka kulichana. Naye huwaambia, "Acheni! Aliyeshinda anaweza kulitupa daftari. Aliyeshindwa ndiye mwenye kazi nalo."

Ndiye aliyenisimulia juu ya mwaka 1975. Mwaka huo Kombe la Dunia la kriketi la wanaume lilichezwa mara ya kwanza, katika nchi ya Uingereza, na nchi zetu zilipeleka timu moja iliyoitwa Afrika ya Mashariki. Wachezaji walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walicheza mara tatu, wakashindwa mara tatu. New Zealand waliwazidi kwa mikimbio 181. Wahindi walitakiwa kupata mikimbio 121 tu, wakaipata bila hata mtu wao mmoja kutolewa. Waingereza wakawazidi kwa 196. Kombe lenyewe lilichukuliwa na West Indies, watu wa Karibi, ambao walilichukua tena mwaka 1979, nao wakaogopwa dunia nzima.

Sasa fikirini habari za siku ya Alhamisi, tarehe 29 Februari mwaka 1996. Nalikuwa nyuma ya duka nikipanga magunia ya sukari, nikasikia tajiri akipiga kelele, nikadhani wezi wameingia. Kumbe alikuwa na redio yake mkononi, machozi yanamtoka, anasema, "Kenya! Kenya!"

Kenya ilikuwa mara yao ya kwanza kwenda Kombe la Dunia kwa jina lao wenyewe. Walikuwa wamekwisha kushindwa na Bara Hindi, Australia na Zimbabwe. Siku ile walikuwa katika mji wa Pune, huko Bara Hindi, wakicheza na West Indies. Kati ya wapinzani wao alikuwamo Brian Lara, ambaye mwaka 1994 alipata mikimbio 375 peke yake dhidi ya Waingereza, na baadaye mwaka ule ule akapata 501 katika mchezo mwingine. Kenya wakapata mikimbio 166, na kati ya hiyo, zaidi ya 30 walipewa bure. Watu wakaona mchezo umekwisha. Lakini Rajab Ali alimtupia Lara mpira, ukagusa ubao kidogo, naye Tariq Iqbal aliyekaa nyuma ya vijiti akaudaka. Lara alikuwa amepata mikimbio 8 tu. Nahodha wa Kenya, Maurice Odumbe, naye akatoa watu watatu, na West Indies wote wakaisha kwa mikimbio 93. Kenya wakashinda kwa 73.

Nilipofika hapo mwanangu akacheka kidogo, halafu akasema, "Lakini Baba, hao walishinda. Mimi nimeshindwa."

Neno lake lilikuwa la haki. Nikamwambia, "Ngoja, habari haijaisha. Siku sita baadaye Kenya hao hao walicheza na Sri Lanka katika mji wa Kandy. Sri Lanka wakapata mikimbio 398, hesabu kubwa kupita zote zilizokuwa zimepatikana mpaka siku ile katika michezo ya namna hiyo baina ya mataifa. Ungekuwa wewe, ungefunga godoro. Lakini Kenya walishika ubao wakajibu kwa mikimbio 254. Walishindwa kwa 144, lakini 254 ilikuwa zaidi ya ile 166 waliyoishinda nayo West Indies. Na Sri Lanka ndio waliochukua kombe mwaka ule."

Hakusema kitu. Usiku, tulipokuwa tumekaa nje, akatoa simu yake akaanza kutafuta habari hizo, nadhani kwa kutaka kuona kama baba yake anadanganya. Baadaye akaniita, "Baba, tazama hapa. Mwezi wa Juni mwaka huu Uganda walicheza na West Indies huko Guyana katika Kombe la Dunia la mchezo mfupi. Wakatolewa wote kwa mikimbio 39! West Indies walikuwa na 173." Alilisema kama mtu aliyepata shahidi wake.

Nikamwambia, "Soma na siku zilizotangulia."

Akasoma. Siku tano kabla ya hapo Afghanistan waliwatoa Waganda kwa mikimbio 58. Siku mbili baada ya pigo hilo Waganda walirudi kiwanjani wakawashinda Papua New Guinea, ukawa ushindi wao wa kwanza katika kombe hilo. Na mtupaji wao mmoja, Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alitupa mipira yake yote 24 akatoa watu wawili, na wapinzani wasipate kwake ila mikimbio 4. Kijana wangu akarudia kwa sauti ndogo, "Miaka 43!"

Asubuhi nikamwomba anipe karatasi za mitihani yake. Alikuwa nazo chini ya sanduku, zimekunjwa kunjwa. Mimi hesabu za kidato cha tano sizijui, lakini nilimwambia tufanye kama lile daftari la tajiri: kila alama uliyopoteza, niambie umeipoteza kwa nini. Tukakaa chini ya mwembe mpaka jua likawa kali. Tukaona hivi: makosa machache yalikuwa ya haraka. Mengi yalikuwa katika mambo ambayo wenzake walifundishwa tangu kidato cha tatu na cha nne, naye hakufundishwa, kwa kuwa shule aliyotoka ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu. Yale aliyofundishwa, alikuwa ameyajibu vizuri. Basi ile 19 haikusema kwamba hana akili. Ilisema pengo liko wapi, na upana wake ni kiasi gani. Jambo hilo asingelijua kama angebaki hapa, awe wa kwanza mpaka uzeeni.

Mwezi wa Januari alirudi shuleni, na godoro lake juu ya basi.

Lakini sikumficha na upande wa pili. Mwaka 2003 Kenya waliwashinda Sri Lanka mjini Nairobi, Collins Obuya akatoa watu watano, wakafika hata nusu fainali, ambapo Wahindi waliwashinda mjini Durban. Watu wakasema sasa wamekuwa wakubwa. Lakini mataifa makubwa hayakuwaita mara nyingi kucheza nao, na nyumbani kwao yakaingia magomvi ya uongozi na fedha. Mwaka 2014 wakapoteza ile daraja ya kucheza michezo rasmi ya siku moja ya kimataifa. Mdogo asiyepata wa kumpima hudumaa, hata kama jana alimshinda mkubwa. Na asiyelisoma daftari siku ya ushindi pia, siku moja litamsomea mwenyewe.

Mwaka 2025 vijana wetu wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2026, huko Zimbabwe na Namibia. Wakapangwa pamoja na Afghanistan, Afrika ya Kusini, na hao hao West Indies. Niliposikia, nilimkumbuka tajiri wangu na redio yake.

Ndugu wazazi, mtoto akirudi kutoka kwa wakubwa amepigwa, tusimwonyeshe jembe upesi, kana kwamba jembe ni adhabu. Wala tusimdanganye kwamba hakupigwa. Tukae naye chini, tuihesabu ile mikimbio, tuone ni wapi vijiti vilianguka. Baba yangu alinipenda, lakini hakujua kulisoma daftari, nami sikujua kumwomba.

Mwezi wa Juni mwaka 2025 nalikwenda tena barabarani. Kijana alikuwa wa 51 katika 70, na hesabu amepata 38. Si ushindi, na hakuna ng'ombe aliyechinjwa. Lakini utingo alipanda juu, akashusha sanduku, akashusha ndoo. Nikangoja. Akagonga ubavu wa basi, likaondoka.