Magari Mawili ya Marehemu Baba

Msomaji mpenzi, marehemu baba yangu alituachia magari mawili makuukuu: Peugeot 504 na Land Rover ya Series III. Mdogo wangu wa kike alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu, na karo ilitakiwa. Ilibidi gari moja liuzwe. Mama alinikabidhi kazi ya kuchagua, akasema, "Mwanangu, wewe ni mwalimu, yatahini."

Chuoni nilikosomea ualimu tulikanywa tusimpime mwanafunzi kwa somo moja. Basi siku ya kwanza nilitoka Garissa na Peugeot, nikavuka daraja la Mto Tana, nikashika lami kuelekea Mwingi. Injini yake ina ujazo wa sentimita 1971, ndogo kuliko ile ya Land Rover yenye 2286, lakini gari lilikwenda kama mshale. Springi zake za koili ni ndefu na laini. Shimo lililonitisha machoni halikunifika mgongoni. Usukani ulitii kidole. Nilifahamu kwa nini 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikiendeshwa na Ove Andersson. Nakiri kwamba nilirudi nyumbani nimekwisha kukata shauri.

Land Rover, katika njia ile ile, ilinitesa. Bodi yake ni ya alumini, maana chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, aina hii ilipozaliwa mwaka 1948. Hata hivyo ni gari zito, limesimama mbele ya upepo kama kabati, na gia zake zilikusudiwa nguvu, si mbio. Springi zake, vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, zilinihesabia kila jiwe.

Lakini bibi yangu anaishi mbali na lami, mwisho wa njia ya mchanga inayochepuka katika barabara ya Modogashe, na kila mwezi hupelekewa dawa za shinikizo la damu. Siku ya pili nilikwenda kwake na Peugeot. Gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Katika laga moja kavu magurudumu hayo yalichimba mchanga mpaka tumbo la gari likalala chini. Nilifukua kwa mikono tangu adhuhuri hadi alasiri, dawa zikiwa kitini, hata wachunga ngamia wakaja kunisaidia kulisukuma lirudi nyuma. Kwa bibi sikufika.

Kesho yake nilichukua Land Rover. Penye laga ile nilisimama, nikavuta nyuma mkono wenye kifundo chekundu. Magurudumu yote manne yakashika kazi kwa gia za chini. Tulipita polepole mno, tukinguruma, wala hatukukwama. Bibi aliusikia mngurumo kabla ya kuniona. Alitoka nje akiita jina la baba yangu.

Mnunuzi, msomaji wangu, aliitaka Land Rover. Bei aliyoitaja ilitosha karo ya mwaka mzima; ya Peugeot ilitosha nusu tu. Nilimwuzia Peugeot. Nusu iliyosalia hutoka katika mshahara wangu, na mwezi huwa mrefu. Jioni ile gari lilivuka daraja kuelekea Madogo, nami nikasimama kando ya mto nikiisikiliza injini yake mpaka nisiisikie tena.