Mashimo Tisa, Mimi na Yeye

Umewahi kuuonea wivu uwanja wa nyasi? Mimi nimewahi. Tena si siku moja, ni miaka mitatu mizima. Rafiki zangu walikuwa wakihofia mabinti wa ofisini na majirani wenye macho ya kurembua. Mimi mke mwenzangu alikuwa na mashimo tisa, nyasi zilizokatwa vizuri na upepo wa bahari. Kila Jumamosi, adhana ya alfajiri haijapoa, mume wangu yuko mlangoni, mkoba wa fimbo begani, viatu mkononi ili asiniamshe. Nami nimelala macho, namsikiliza anavyonyata, najiambia moyoni: haya, kaenda kwa mwenzangu.

Mwenzangu huyo ni Mombasa Golf Club. Kama wewe ni mtu wa Mombasa, bila shaka umepapita mara mia bila kupatilia maanani. Ni pale pale Mama Ngina Drive, ambako wengi wetu tunapaita Lighthouse. Jumapili jioni tunakwenda kupunga upepo, tunakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, tunakunywa madafu, tunatazama meli zinavyoingia Kilindini. Sehemu hiyo ya mapumziko ilikarabatiwa mwaka 2019, ikawa mpya kabisa. Hatua chache kutoka hapo, uwanja wa gofu umebaki vile vile, juu ya jabali la matumbawe, bahari ikiupigia kelele chini.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1911. Hebu fikiria, reli ya kwenda Kisumu ilikuwa na miaka kumi tu tangu ikamilike! Enzi hizo mtu wa rangi yangu alikuwa akiingia uwanjani kubeba fimbo za wengine, basi. Siku hizi wanaocheza ni majirani zetu: mawakala wa forodha, madaktari, walimu, watu wa benki kama mume wangu. Na mashimo ni tisa tu. Viwanja vinavyoonyeshwa kwenye televisheni vina mashimo kumi na manane. Kwa hiyo hapa ukitaka raundi kamili, ukimaliza la tisa unarudi la kwanza, unazunguka tena.

Mimi nilikuwa nikimcheka mume wangu kwa hilo. “Hata uwanja wenyewe nusu!” Naye ananijibu kwa utulivu kwamba huko Scotland gofu ilikozaliwa, uwanja wa Musselburgh wenye mashimo tisa uliandaa mashindano makubwa ya The Open mara sita, kati ya mwaka 1874 na 1889. Nikimsikia hivyo nazidi kukasirika. Mtu anajua habari za Scotland, hajui mkewe analia nini usiku!

Mpenzi msomaji, nilikuwa nikilia nini? Tulikuwa na miaka mitano ya ndoa na hatuna mtoto. Kama umepita njia hiyo, sina haja ya kukueleza. Kama hujaipita, jua kwamba kila arusi unayoalikwa kuna shangazi wa kukutazama tumbo. Kila mwezi una siku yake ya matanga, unaikalia peke yako chooni. Nimekunywa mizizi iliyochemshwa mpaka ulimi ukafa ganzi. Nimefukizwa, nimesomewa, nimekandwa. Vipimo vyangu vya hospitali vilikuwa safi, lakini nani anasikiliza? Mume wangu nilimwomba akapimwe, akasema ataenda. Nikimuuliza tena, ananiambia kazi nyingi. Jumamosi ikifika, kazi zote zinakwisha.

Basi Ijumaa moja jioni mavyaa alikuja kututembelea na sahani ya mahamri. Tukanywa chai vizuri. Alipokuwa anafunga leso yake aondoke, akasema, tena kwa sauti ya upole kabisa, “Nimemwona mtoto wa watu kule Likoni, ametulia. Wewe mwanangu usione vibaya, utabaki kuwa mkubwa wa nyumba. Mtalea pamoja.”

Nikamtazama mume wangu. Nilisubiri aseme neno moja tu. Mume wangu akachukua hamri, akaligawanya katikati, akanyamaza.

Usiku ule sikulala. Alfajiri alipoanza kunyata, alinikuta nimekaa sebuleni, nimevaa, raba miguuni.

“Leo twende wote,” nikamwambia.

“Wapi?”

“Kwa mwenzangu.”

Nakuambia ukweli, sikwenda kutafuta mapatano. Nilikwenda kumwambia kwamba narudi kwetu Malindi, na nilitaka nimwambie hapo hapo kwenye starehe yake, ili na yeye Jumamosi yake iharibike.

Tulipokewa na mzee mmoja kedi, mbeba fimbo, mvi zimejaa kidevuni. Aliniambia kazi hiyo aliirithi kwa baba yake.

“Subalkheri bibie,” akanisalimu. “Bwana leo kaja na bahati yake.”

Bahati! Nikabana midomo.

Lakini jamani, kwanza niwaeleze mahali penyewe. Asubuhi ile jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka majini. Nyasi zina umande, raba zangu zikalowa mara moja. Kuna mibuyu sehemu zile, imesimama minene kama wazee wa baraza. Na upepo! Mzee akatuambia, “Kusi hii. Ukipiga mpira kulia utarudi wenyewe kushoto. Kaskazi ikifika, mambo yanageuka, unajifunza upya.” Akanionyesha nisimame wapi mtu akipiga, nisizungumze, kivuli changu kisimwangukie mchezaji. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu, kikombe cha kahawa kikubwa kidogo, halafu mtu anasimama mita mia tatu mbali eti anataka kutia mpira humo. Nikasema kimoyomoyo, wanaume wana mambo.

Mume wangu alipiga mpira wa pili ukaenda moja kwa moja baharini. Mzee akavua kofia, akauaga, “Nenda salama, wasalimie Oman.” Mimi nikaangua kicheko. Nilikuwa sijacheka hivyo miezi mingapi, sikumbuki. Mume wangu akageuka kunitazama kana kwamba amesikia sauti ya mtu aliyepotea.

Jambo la kwanza nililogundua ni hili: hakuna aliyeshika simu. Jambo la pili: uwanja huu mdogo hauna pa kukimbilia. Nyumbani nikianzisha mazungumzo, yeye anaingia bafuni, au anafungulia taarifa ya habari. Hapa mnatembea bega kwa bega, mnatazama mbele, si lazima macho yakutane. Maneno yanatoka kwa urahisi. Tukazungumza habari za kodi ya nyumba, mdogo wangu aliyemaliza chuo, siku tuliyokutana kwenye kivuko cha Likoni na mvua ikatunyea. Lile la Malindi likawa linanikwama kooni kila shimo.

Tulipomaliza la tisa nikadhani tumekwisha. Nikavuta pumzi ili niseme langu.

“Bado nusu, bibie,” mzee akasema. “Hapa tunazunguka mara mbili. Lile shimo lililokutesa, unalikuta tena. Ila safari hii unalijua.”

Tukarudi la kwanza. Tulipofika tena lile shimo la kando ya bahari, mume wangu alimwomba mzee atangulie kutafuta mpira. Mpira wenyewe ulikuwa hapo mbele yetu, tunauona! Mzee akaelewa, akaenda kutafuta kisichopotea.

Mume wangu akafungua zipu ya mfuko mdogo wa mkoba wake, mahali anapoweka mipira. Akatoa bahasha imekunjwa mara nne, pembe zimechakaa.

“Si wewe,” akasema. “Ni mimi.”

Nilisoma tarehe kwanza. Mwaka na miezi miwili! Alipimwa siku nyingi, kimya kimya, na majibu akayaficha katikati ya mipira ya gofu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Hapana. Nilimrushia ile bahasha kifuani, nikaenda zangu mpaka karibu na ukingo. Nilifikiria mizizi yote niliyokunywa katika mwaka huo na miezi miwili. Nilifikiria lile hamri alilogawanya katikati usiku uliopita. Meli kubwa ya makontena ilikuwa inatoka Kilindini, imejaa mpaka juu, inapita taratibu mbele yangu. Nikaitazama mpaka ikapinda.

Alikuja akasimama pembeni yangu, si karibu sana.

“Kila Jumamosi naweka bahasha mkobani,” akasema. “Najiambia nikimaliza raundi, nitakwenda nimwambie. Nafika la mwisho, moyo unakataa.”

“Na jana je? Mbele ya mama yako?”

“Niliogopa. Nilidhani nikisema, nitakuwa si mwanamume tena machoni pake. Wala machoni pako.”

“Kwa hiyo ukaona bora mimi niwe si mwanamke?”

Hakuwa na jibu. Alilia. Mume wangu, mtu wa suti na tai, alilia kwenye uwanja wa gofu saa tatu asubuhi, na kunguru wanatutazama.

Mashimo yaliyobaki tuliyamaliza bila kusema neno. Mzee naye alitembea mbali nasi, kama mtu mwenye adabu zake. Shimo la mwisho, mpira ulibaki hatua moja tu. Mtoto angeutia. Mume wangu akaukosa. Akainua macho, uso umemshuka.

“Piga tena,” nikamwambia. “Halafu twende kwa mama yako, sasa hivi, na hivyo viatu vyako vya nyasi. Utasema mwenyewe. Mimi nitakaa kimya kama ulivyokaa wewe jana.”

Akapiga. Ukaingia. Tukaenda.

Alisema yote, hakuficha. Mavyaa alinyamaza muda mrefu, akapangusa macho kwa ncha ya leso, akaingia jikoni. Kwa wiki mbili hakutupigia simu. Wiki ya tatu alikuja na sahani ya mahamri, akaniwekea mimi kwanza. Habari za mtoto wa watu wa Likoni hazikutajwa tena.

Dada zangu, kaka zangu, nimeandika haya kwa sababu najua tuko wengi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila sita hupata tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani. Sababu inaweza kuwa kwa mke, kwa mume, kwa wote wawili, au isionekane kabisa. Ndiyo maana daktari mzuri atawaita wote. Ukiona mmoja anakunywa dawa na mwingine hajapimwa, mmekwisha kosea njia.

Na ukiwa na neno lililokukwama, usilisemee kitandani wala mezani. Tafuta mahali mtakapotembea. Si lazima gofu, na si lazima Mombasa. Ila kama mtajaribu uwanja kama huu, nikupe dondoo mbili tatu. Uliza kwanza klabuni taratibu za wageni na mavazi, kila klabu ina zake. Nenda asubuhi mapema au alasiri, jua la mchana halina huruma. Vaa viatu vya chini, visigino vinatoboa nyasi na mtachukiwa. Usimfundishe mwenzako kupiga hata kama unajua, mtafutieni mwalimu, maana ndoa nyingi zimeponea hapo! Na mashimo tisa ni kama saa mbili tu. Hakuna wa kusema hana nafasi.

Kwa nini uwanja huu mkongwe bado unatuvuta, wakati kuna mikubwa na mipya yenye mashimo yake kumi na manane? Mimi nadhani ni kwa ule udogo wake. Kwenye uwanja mkubwa, ukiharibu shimo, umeliacha nyuma, mpaka siku nyingine. Hapa, baada ya saa mbili hivi unalirudia. Bahari ile ile, mti ule ule, lakini wewe umeshapigwa na upepo kidogo, una akili zaidi.

Mtoto? Najua unauliza. Bado. Tunaendelea na daktari, tumeshaambiwa habari njema kidogo na habari ngumu kidogo, na tumekubaliana idadi ya miaka tutakayojaribu kabla ya kufikiria kulea mtoto wa kupanga. Malindi nakwenda kusalimia wazazi tu, tena twenda wote wawili.

Jumamosi alfajiri bado kuna mtu ananyata nyumbani kwetu, viatu mkononi. Wiki iliyopita nilikuwa mimi. Yeye alikuwa amechoka na kazi, nikaona nimwache alale. Nilipofika mlangoni nikamsikia kitandani, “Haya, unakwenda kwa mwenzangu?”

Nikamsubiri avae.