Ile F ya Hisabati

Lushoto, 9 Februari 2025

Mpwa wangu,

Picha ya matokeo uliyonitumia kwenye simu nimeisoma mara tatu, miwani puani. Hongera sana, mama. Division Two ya pointi 20 si haba. Nasikia dada yangu kapika pilau akaita nusu ya mtaa. Nami huku nimechinja jogoo, nikamla kwa niaba yako.

Sasa swali lako: ukiomba chuo kikuu wanaangalia kidato cha nne, au kidato cha sita tu? Mwalimu wako kakwambia matokeo ya Form Four yakishakufikisha kidato cha tano kazi yake imekwisha. Mama yako anasema division ndiyo maisha. Mimi nimefundisha Kemia sekondari miaka 31 na nimewajazia fomu watoto wa watu wasiohesabika. Hao wawili ninawaheshimu, lakini kila mmoja ameshika upande mmoja wa khanga.

Nianze na mwalimu. Ni kweli kwamba anayetoka kidato cha sita huhesabiwa pointi za kidato cha sita. Kwa matokeo ya siku hizi, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka angalau masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4. General Studies haimo humo, wala BAM, yaani Basic Applied Mathematics. Udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na jumla isipungue pointi 6. Hapo nakuonya mapema: hizo 6 ni za kukuruhusu kupanga foleni tu. Wanaoomba ni wengi kuliko viti, na chuo huanza kuchukua kutoka juu. Katika foleni hiyo hakuna atakayekuuliza kama mwaka 2024 ulipata Two au Three.

Mama yako naye ana lake. Bila ile C ya Kemia na B ya Biolojia, kidato cha tano cha sayansi kingekuwa ndoto. Kidato cha nne ndicho kinachokupa kombi, yaani tahasusi, na kombi ndiyo inayoamua utaomba kozi gani miaka miwili baadaye. Nimeona watoto wenye akili kali wakipangiwa kombi wasiyoitaka kwa sababu ya C moja iliyokosekana. Wakaja kupata alama nzuri kidato cha sita, katika masomo yasiyo na njia ya kule walikotaka kwenda.

Lakini division yenyewe, mama, hiyo ni kapu lililofunikwa. Hebu tulifunue. Division huhesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Wewe una B ya Biolojia na B ya Kiswahili, una C nne za Kemia, Kiingereza, Jiografia na Uraia, halafu D moja ya Fizikia. Mbili na mbili, tatu mara nne, na nne ya D: ishirini. Hisabati haimo kwenye hesabu hiyo kabisa. Una F ya Hisabati na bado una Division Two, na katika pilau lile sidhani kama kuna aliyeitaja. Si wewe peke yako, maana kwa miaka mingi Hisabati ndilo somo linaloangusha watoto wengi nchi nzima. Kwa hiyo watu wameizoea F hiyo kama walivyozoea vumbi la kiangazi.

Chuo hakiombi division yako ya kidato cha nne. Huuliza herufi, somo kwa somo, tena mara nyingi huuliza ile uliyotaka isahaulike. Anayetaka kusomea biashara au uchumi bila kuwa amesoma Hisabati kidato cha sita, kozi nyingi humwambia alete BAM, au kama hana, alama ya Hisabati ya kidato cha nne. Mtu ana pointi 12 mkononi, anarudishwa na F ya miaka mitatu nyuma.

Nikupe kisa kimoja, kwa kuwa kinagusa ndoto yako. Mwanafunzi wangu mmoja alimaliza kidato cha nne mwaka 2008. Alikuwa na F ya Hisabati, lakini Biolojia, Kemia na Fizikia alikuwa nazo, ingawa kwa D. Akaenda chuo cha afya, akasoma diploma ya utabibu miaka mitatu, akafaulu vizuri mno. Kule kuingia hawakumbana kwa Hisabati. Akapangiwa kituo cha afya, akawa tabibu ambaye wanawake wajawazito walimuulizia kwa jina. Siku moja mwaka 2018 akaja kwangu na bodaboda, bahasha mkononi, uso umemshuka. Alikuwa ameomba kusomea udaktari. Sharti kwa mwenye diploma ya utabibu lilikuwa GPA isiyopungua 3.0, nayo alikuwa ameipita mbali. Kisha mstari wa pili: walau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Zote tano.

Akaniuliza, "Mwalimu, nimezalisha watoto mia ngapi sijui, leo wananiuliza logarithimu?" Sikuwa na jibu la maana. Nilimpa daftari. Mwaka ule alirisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata F nyingine. Alikaa katika chumba cha mtihani na watoto wa miaka kumi na saba, wawili kati yao wagonjwa wake. Mwaka uliofuata akapata D. Sasa yuko mwaka wa tano wa udaktari. Lakini ile miaka kumi ingeweza kuwa mmoja, kama mtu angemwonyesha ule mstari akiwa na umri wako.

Usidhani haya ya masharti yameanza leo. Sisi tulikumbana na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Kidato cha sita kikiisha, uende Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kisha ufanye kazi miaka miwili, ndipo uombe chuo, na barua ya mwajiri pamoja na ya tawi la chama. Mimi nilipima mkonge shambani karibu na Korogwe, nikiandika tani katika daftari, cheti changu kizuri kimelala sandukuni. Na hata herufi zenyewe hubadilishwa. Kaka yako, aliyemaliza mwaka 2014, hakupewa division. Mwaka ule walitoa GPA na maneno ya Distinction na Merit, na B ilikuwa na nduguye, B+. Muda si mrefu wakarudi kwenye division. Ndiyo maana mwongozo wa TCU una mistari tofauti kwa waliomaliza miaka tofauti. Basi ukiambiwa sharti fulani na jirani, muulize yeye alimaliza lini.

Sasa mambo yako. Umesema TAMISEMI huenda ikakupangia CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, na kwamba kuna shule ya binafsi iliyo tayari kukupokea PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, hata kwa D yako ya Fizikia. CBG ni kombi nzuri kwa kilimo na mazingira, na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro ungepata pa kusoma. Haitakufikisha kwenye udaktari, kwa sababu haina Fizikia. Ukiichukua, ichukue kwa kuipenda, usiichukue kwa kusema tutaona mbele. Kuhusu PCB ya kulipia, kama mwalimu nasita. Fizikia ya kidato cha tano haina subira na mtu aliyeingia na D, na BAM itakuwa inakungoja pembeni na Hisabati ileile uliyoikimbia. Wapo waliofanya hivyo wakafaulu. Niliowaona walikuwa na mwalimu mzuri sana au kichwa kigumu sana. Wewe kichwa kigumu unacho, umerithi kwetu. Hiyo shule sijui kama ina mwalimu.

Ningekuwa wewe ningekwenda utabibu. Najua mama yako anataka kusema "mwanangu yuko Form Six", na majirani wanalielewa neno hilo upesi kuliko neno diploma. Mwachie mimi, nitampigia. Miaka mitatu utatoka na kazi mkononi, na mlango wa udaktari utakuwa bado upo, ila kwa yule mwenye D zake tano. Kwako zimo nne tayari, na nyingine umezizidi. Inabaki Hisabati.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayoshika, urisiti Hisabati mwaka huu, Novemba, kabla kichwa hakijapoa. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huanza mapema mwaka na ukichelewa kuna faini, basi nenda kituoni wiki hii. Beba namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Iandike mahali pasipopotea, kwa kuwa namba hiyo itakufuata kuliko hata jina lako: ukiomba chuo wataitaka, ukiomba mkopo wa Bodi ya Mikopo wataitaka. Nikiyataja majina, nimeona matokeo yako yameandikwa jina la babu yako kwa "h" moja, na cheti cha kuzaliwa kina mbili. Mwambie baba yako alishughulikie sasa. Nimewahi kuona mtu akihangaika na wakili na hati ya kiapo kwa herufi kama hiyo, dirisha la maombi likiwa limebaki siku nne.

Ada ya mtihani nitatuma kesho kwa simu. Jumamosi nitampa kondakta wa basi la asubuhi mfuko wenye daftari mbili na kitabu changu cha Hisabati, ambacho yule tabibu alikirudisha kikiwa na madoa ya iodini kwenye jalada. Anzia ukurasa wa sehemu na desimali, usione haya. Maswali kumi kila jioni, uyapige picha unitumie. Nitayasahihisha kwa kalamu nyekundu, kama zamani.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mama yako umwambie nitampigia baada ya Isha.

Mjomba wako