Presha ndogo ya petroli: kutafuta hitilafu nusu kwa nusu

Haya wasomaji, leo tuiweke kompyuta kando kidogo. Si kando sana, kwa maana njia niliyotumia kurekebisha gari langu ndiyo hiyo hiyo ninayotumia kazini kila siku programu ikigoma.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 110, injini ya 5A-FE. Mjini lilikwenda bila shida. Lakini kwenye mlima wa Kinungi, nikitoka Naivasha kurudi Nairobi, ukanyage mafuta utakavyo, linasitasita na kuishiwa nguvu, na huku trela liko nyuma yako. Hapo roho iko mkononi. Fundi alilisikiliza kidogo tu akasema, "Bosi, nunua pampu." Pengine, lakini kubadilisha kifaa kabla ya kupima ni kama kuandika programu upya kwa sababu ya mstari mmoja.

Basi tukapima. Kwanza toa fyuzi ya pampu, washa injini, iache izime yenyewe ili presha ishuke. Petroli ikirukia injini yenye joto, gari linaungua. Tukafunga geji, tukarudisha fyuzi, tukawasha. Injini hii, mpira wa vakuamu wa regulata ukiwa umechomolewa, inatakiwa kusoma psi 38 hadi 44. Yangu ilisoma 26.

Sasa gawa nusu. Pampu inasukuma petroli kutoka tangi, inapita filta hadi kwenye injekta, na regulata inarudisha inayozidi tangini. Kwa hiyo ama inayofika ni kidogo, ama inayorudi ni nyingi mno. Bana mpira wa kurudishia kwa sekunde mbili tu, usizidishe. Presha ikiruka juu sana, pampu ni nzima na mkosaji ni regulata. Yangu ilifika 29 ikakwama. Regulata nikaifuta kwenye orodha.

Filta ilikuwa mpya. Ikabaki pampu, pamoja na kitu ambacho wengi hukisahau: umeme wake. Nikainua kiti cha nyuma, nikapima kwenye plagi ya pampu injini ikinguruma. Betri ilikuwa na volti 13.9, pampu 9.8. Volti 4.1 zimepotelea njiani! Pampu ya namna hiyo utaisikia ikizunguka, ila haina nguvu ya kusukuma.

Gawa nusu tena. Waya wa kuleta umeme ulipoteza volti 0.3, jambo la kawaida. Waya wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, ulipoteza 3.8. Nikaufuata hadi mwisho: bolti imejaa kutu.

Msasa, spana namba 10, dakika kumi. Pampu ikapata volti 13.5, geji ikasoma 41, na mlima sasa linaupanda bila kusita.

Ningenunua pampu mpya, nayo ingepewa volti zile zile 9.8, ingedhoofika vile vile, na ningeambiwa nimeuziwa feki. Presha ndogo ni dalili, si ugonjwa. Kabla hujatoa pesa mfukoni, mwombe fundi wako vitu viwili: geji na multimita. Asipokuwa navyo, tafuta fundi mwingine.